Kikohozi Kisicho na Kisingizio

Benchi lenyewe lilikuwa la mbao nne, moja ya bluu kwa sababu iliwahi kuwa mlango. Lilikaa mbele ya duka la cherehani, kushoto kwake kibanda cha kutengenezea saa, kulia jiko la mkaa la muuza kahawa. Wenye benchi walijulikana. Kulikuwa na Kipimo, fundi cherehani, ambaye tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku ya kufunga duka. Kulikuwa na Redio, dereva wa lori mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Na kulikuwa na Mama Buli mwenyewe, aliyemimina kahawa kwa mkono mmoja na kukata kesi za watu kwa mkono wa pili. Wa nne wao alikuwa Fundi Saa, ila kwa sasa hakuwa benchini. Alikuwa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, hatua tatu kutoka mwisho wa benchi, nyuma ya mstari wa chaki ya kushonea ambao Kipimo aliuchora, akaupima, akaufuta, akauchora upya. Kikombe chake kilifungwa uzi mwekundu kwenye mkono, kisije kikachanganyika na vya wenzake. Alikuwa amepona, na hilo hakuna aliyelibisha. Kilichobishaniwa, kwa siku ya kumi na mbili mfululizo, ni kama amepona kweli au amepona nusunusu.

Asubuhi hiyo ubishi ulikuwa na haraka. Binti yake Fundi Saa alikuja Jumatatu ya wiki ya juzi kuwaonyesha wazazi wake mtoto wa miezi mitatu, mjukuu wao wa kwanza, na leo alikuwa anarudi kwa mumewe, mbali, kwa basi la saa nane mchana. Jumatatu hiyohiyo, kabla binti hajashuka garini, Fundi Saa aliamka na homa, mafua, kifua kimebana na mifupa inamuuma kama aliyepigwa. Mkewe hakuuliza mara mbili. Alimhamishia stoo, kati ya gunia la mkaa na baiskeli mbovu, akafunga mlango. Tangu siku hiyo Fundi Saa alimwona mjukuu kupitia dirisha lenye nondo, na mara nyingi alichobahatika kuona ni kisigino. Kicheko chake alikijua, maana kilipenya ukuta. Uzito wake hakuujua, na kutoujua kulimuuma kuliko homa yenyewe.

— Leo nataka jibu, alisema kutoka kwenye kreti. Si kesho. Atapita hapa kuniaga akienda stendi. Nimshike mtoto au nisimshike?

— Arobaini, alisema Redio bila kufikiri.

— Arobaini nini?

— Siku! Mtu akiugua kifua anahesabiwa siku arobaini. Mimi nimeendesha lori miaka thelathini na moja, injini naijua. Ukiizima, wewe unadhani imezima. Thubutu! Fungua boneti utie mkono, uone kama hutaita mama yako. Joto limo. Na mwili ndo hivyohivyo. Homa umeizima, moto umo ndani.

— Injini gani inayopoa siku arobaini? aliuliza Mama Buli.

— Ya lori kubwa.

Redio akakohoa, kikohozi kizito cha kutoka mbali, akajigonga kifua kwa ngumi.

— Vumbi la barabara hili, alisema. Miaka thelathini na moja, halijaisha kutoka.

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Vumbi la Redio lilizoeleka, kama yeye mwenyewe.

— Siku arobaini ni za kukisia, alisema Kipimo. Mimi sikisii, mimi napima. Simama, Fundi.

— Nisimame nini, mko ng'ambo ya mstari!

— Simama hukohuko, nitakupima kwa macho. Haya. Mdudu wa mafua anaishi chini ya mapafu. Kutoka hapo mpaka puani kwako, mtu mrefu kama wewe, ni inchi ishirini na nane. Mdudu akifukuzwa na dawa anapanda kutafuta njia ya kutokea, inchi moja kwa siku. Ishirini na nane. Mtu mfupi kama Redio anamaliza wiki mbili.

— Nani mfupi?

— Na mtu akilala, huyo mdudu anapandaje? aliuliza Mama Buli.

Kipimo alilifikiria jambo hilo kwa uzito wake wote.

— Akilala anatembea ovyo. Ndiyo maana nasema mtu alale amekaa.

Naye akakohoa, mara tatu, akatema pembeni kwa adabu na kupangusa midomo kwa ncha ya tepu.

— Pamba, alisema. Leo nimekata shuka tano.

Fundi Saa alihisi koo linamwasha. Alimeza mate, akameza tena, akakaza macho kwenye kisigino cha kiatu chake mpaka mwasho ukapita. Hakuthubutu kukohoa. Tabu yake ilikuwa hiyo. Kazi ya saa haina vumbi wala pamba wala moshi. Mwenye kufungua saa hufanya kazi ameshika pumzi, kwa sababu pumzi moja ya ovyo inarusha gurudumu dogo kuliko punje ya mtama, na mvuke wa mdomo unatia kutu kamani, springi inayoiendesha saa. Bwana aliyemfundisha kazi alimzoeza kushika pumzi mpaka hesabu ya hamsini, na kila alipopumua mapema alipata konzi. Kwa hiyo alipokohoa yeye, kikohozi kilikuwa cha ugonjwa tu. Hakikuwa na kazi ya kusingizia.

— Nyinyi wote mmepotea, alisema Mama Buli, akipepea jiko. Ugonjwa ni kama mgeni asiye na aibu. Hautoki nyumba moja mpaka upate nyumba nyingine ya kulala. Sasa sisi tumemkwepa Fundi siku zote hizi, ugonjwa umetoka mlangoni, umetazama kushoto, umetazama kulia, haujaona mtu, umerudi ndani.

— Kwa hiyo nifanyeje?

— Tafuta mtu usiyempenda, mkohoe usoni, umalizane naye.

— Kama unahitaji jina, mwenye nyumba wangu yupo, alisema Redio. Asubuhi anapatikana.

Mama Buli alicheka mpaka moshi ukampalia. Akainama, akakohoa huku amejishika mbavu, buli likicheza mkononi.

— Moshi huu utaniua mimi, alisema akifuta machozi. Na wewe Fundi, kwani mwenyewe unasemaje? Si una hesabu zako?

Alikuwa nazo, na ndizo zilizomponza kuliko za wenzake. Kibandani kwake saa ikishatengenezwa haikutolewa siku hiyo. Iliandikiwa karatasi ndogo yenye tarehe, ikaning'inizwa kwenye msumari ukutani, ikatazamwa siku saba. Saa kutembea ni jambo moja, alipenda kuwaambia wateja, saa kushika majira ni jambo jingine. Ikichelewa hata dakika mbili kabla ya siku ya saba, ilifunguliwa upya na siku zikaanza moja. Karatasi haikuondolewa mpaka mwenye saa aje mwenyewe, na akitaka kuichukua kabla ya siku zake, hiyo ni shauri yake.

Jumamosi homa ilipomwacha, alijiandikia karatasi akaitundika katikati ya saa za watu: BABU, JUMAMOSI. Siku ya tano akakohoa. Akafuta, akaandika ALHAMISI. Siku ya nne akakohoa tena, mbele ya mashahidi. Sasa karatasi ilisema JUMATATU, na leo ilikuwa Jumatano. Siku ya tatu. Saba zilikuwa hazifiki leo, hata angeziomba kwa magoti.

— Mimi ningesema saba, alisema kwa unyonge. Ila siku saba hazijafika.

— Unaona! alisema Redio, amefurahi kama aliyeshinda kesi. Mwenyewe anakiri. Na hizo saba zako ni za saa, chuma kitupu. Mtu ana nyama! Sikilizeni niwaambie. Kulikuwa na dereva mwenzangu, alipona mafua, akakaa miaka miwili mzima kabisa. Siku moja tairi la baiskeli ya mke wake limeisha upepo, hana pampu. Akalipuliza kwa mdomo.

— Tairi la baiskeli kwa mdomo?

— Alikuwa na pumzi yule! Akalipuliza likajaa. Kesho yake baiskeli hoi. Imelala wiki nzima.

— Baiskeli ilipata homa?

— Mimi nasema nilichokiona. Ukiigusa, ya moto.

— Ilikuwa juani!

— Hata usiku? Mama Buli, hata usiku?

— Mimi naweza kuamini, alisema Kipimo, ambaye kwa kawaida hakuamini chochote cha Redio, ila baiskeli ilisaidia upande wake. Kwa sababu virusi vinakaa kwenye vitu. Lile shati ulilovaa siku ya homa, Fundi, ulilifanyaje?

— Nililifua.

— Ulilifua kawaida au uligeuza ndani nje?

— Kawaida.

Kipimo alitikisa kichwa kwa huzuni.

— Basi vimebaki mfukoni.

Ndani ya kibanda saa zikaanza kulia, moja baada ya nyingine, kwa kuwa za watu hazikubaliani: nyingine saa tano kamili, nyingine saa tano kasoro, na moja ya mteja aliyesafiri ikalia mara tisa. Fundi Saa alizisikiliza na roho ikawa juu. Saa tatu tu zilibaki kabla ya basi, na hapa watu wanapima shati.

— Jamani, mimi sitanii, alisema. Binti yangu anaishi mwendo wa siku nzima. Akija tena mtoto atakuwa anatembea, atanikimbia kama mgeni. Mimi namwomba Mungu dakika moja tu. Nimjue uzito.

— Uzito wake usikusumbue, alisema Kipimo, akitaka kumfariji. Si mzito sana. Nilivyompima gauni Jumapili, mabega yake inchi nane na nusu, na ana mkono wa kushika, bwana! Alinishika hii tepu mpaka mama yake akaja kunikomboa.

Fundi Saa alinyanyua kichwa taratibu.

— Ulimshika?

— Sasa nitampimaje bila kumshika?

— Mimi alilalia hapa, alisema Redio, akijipiga bega kama mtu anayeonyesha nishani. Alilala nusu saa nzima. Nikimsimulia safari zangu, analala. Mtoto msikivu yule.

— Wewe ukisimulia hata ng'ombe watalala, alisema Mama Buli. Mimi ndiye niliyemwogesha Jumanne ile ya kwanza, mama yake amechoka na safari, bibi yake anamhangaikia huyu na homa zake. Ana alama ndogo nyuma ya goti, umeiona, Fundi?

Hakuiona. Angeiona wapi? Wivu ulimpanda mpaka masikio yakamwaka moto, na hakuona haya kuuita kwa jina lake, kwa sababu mtu mzima akikaa kwenye kreti siku kumi na mbili aibu humwisha. Watu watatu hawa, wasiochangia naye damu hata tone, walikuwa wamemshika mjukuu wake, wamemwogesha, wamempima, wamemlaza. Na wao ndio waliomchorea mstari. Alifungua mdomo aseme neno ambalo angelijutia. Hakulisema, kwa sababu hapo akafika mteja.

Alikuwa mama wa makamo, mhudumu wa shule, yule anayepiga kengele za vipindi. Alikumbatia kifuani saa kubwa ya ukutani kama mtu aliyebeba sinia. Alifika kwenye mstari wa chaki, akasimama, akautazama, akawatazama.

— Hamjambo wazee wangu? Huu mstari unarukwa au haurukwi?

— Haurukwi! walisema watatu kwa pamoja.

— Unarukwa, alisema Fundi Saa kwa uchovu. Mimi ndiye fundi. Ina nini?

— Inachelewa. Juzi watoto wamekosa mapumziko, karibu wanipige mawe. Lakini mbona umetengwa hivyo, Fundi?

Basi wakamweleza. Wakamweleza wote kwa wakati mmoja, injini, inchi ishirini na nane, mgeni asiye na aibu, baiskeli, shati, na mjukuu atakayepita saa saba kwenda stendi. Yule mama alisikiliza kwa makini, huku akihamisha saa kutoka mkono huu kwenda ule.

— Pole sana, Fundi, alisema walipomaliza. Kumbe ulisafiri?

— Sijasafiri mwaka wa pili huu.

— Basi ni wale watu waliokuja nyumbani.

— Homa ilinipata hawajafika. Wiki ya kabla yake yote nilikuwa hapahapa, kwenye benchi hili, katikati ya hawa. Nilikaa kwenye ubao wa bluu.

— Aa, alisema yule mama. Akawageukia wa benchini, bila shari yoyote, kama mtu anayeuliza njia. Sasa katika nyinyi, nani alianza kukohoa?

Redio alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, mdomo wake ulifunguka na hakikutoka kitu.

Kipimo aliinama akaanza kukunja tepu, akaikunjua, akaikunja. Mama Buli alipepea jiko ambalo halikuhitaji kupepewa.

Fundi Saa alikuwa anakumbuka. Ijumaa ile ya kabla ya homa yake, Redio na leso mbili, moja kila mfuko, pua nyekundu, akisema vumbi limezidi mwaka huu. Jumamosi, Kipimo alifungua duka saa sita mchana amevaa sweta juani, akasema pamba aliyoletewa ni mbaya, inakwaruza koo. Na Mama Buli alipotewa na sauti siku mbili nzima, akauza kahawa kwa ishara za mikono, na wote wakacheka, wakasema moshi umemnyamazisha, angalau tupumzike. Jumapili jioni Redio alisimama juu ya ubao wa bluu akatangaza kwamba vumbi limemtoka, yuko fiti, akamkumbatia kila mmoja. Fundi Saa alimkumbatia mara mbili, maana alimpenda.

— Nimeuliza tu, alisema yule mama. Aliikabidhi saa yake, akaambiwa arudi baada ya siku saba na dakika zake, akaaga akaenda zake kupiga kengele.

Fundi Saa alisubiri hasira ije, na haikuja. Kilichokuja ni kicheko, ila alikibana, kwa kuwa kicheko kwake siku hizi kiliishia kwenye kikohozi.

— Vumbi, alisema hatimaye.

— Mzee mwenzangu, alianza Redio.

— Pamba. Moshi.

— Fundi, nakuapia, mimi nilijua ni vumbi. Kuna kikohozi cha vumbi na kuna...

— Ulihesabu siku ngapi, Redio, kabla hujamlaza mjukuu wangu begani?

Yule aliyekuwa na arobaini mdomoni asubuhi nzima, alipojitafutia zake hakupata hata moja. Kipimo alijaribu kupiga hesabu ya inchi zake mwenyewe kimoyomoyo, na uso ulionyesha kwamba jibu halikumpendeza.

— Hajaugua, alisema Mama Buli kwa sauti ndogo. Mtoto hajaugua, Fundi. Nimemwona asubuhi.

— Mungu kasaidia. Si sisi.

— Si sisi, alikubali.

Saa saba haikukawia. Walitokea kwenye kona, mkewe Fundi Saa mbele na begi, binti nyuma na mtoto kifuani, mtoto amevaa gauni la Kipimo, jipya, lenye mabega ya inchi nane na nusu. Siku nyingine Redio angekuwa amesharuka, mlete mjukuu wangu, mlete hapa. Leo alisimama, akarudi nyuma. Kipimo alitoa chaki mfukoni, akaufuta mstari wa zamani kwa soli ya kiatu, akachora mwingine, safari hii kuzunguka benchi. Wote watatu wakasimama ndani yake, wamebanana, mikono nyuma.

— Kuna nini leo? aliuliza binti. Mama Buli, hata wewe humtaki?

— Namtaka mno, mwanangu. Ila mimi nina moshi. Mpeleke kwa babu yake.

— Babu yake ana siku tatu tu, alisema mkewe Fundi Saa, ambaye hakuwa na habari.

— Tuna siku zetu na sisi, mama, alijibu Mama Buli. Hazijulikani ni ngapi.

Fundi Saa alikuwa amesimama kando ya kreti lake, mikono inaning'inia.

— Mwanangu, alisema, mimi sina jibu. Nimelitafuta hapa siku kumi na mbili. Kama unaona nimwangalie kwa mbali tu, nitamwangalia. Nishazoea kisigino.

Binti alimtazama baba yake. Macho yakamlenga machozi, akayarudisha.

— Baba, mimi nilimuuliza muuguzi wa zahanati tangu juzi. Kasema hakuna siku moja ya watu wote. Zile siku za mwanzo ndizo kali, halafu homa ikishaisha na mtu akizidi kupata nafuu, hatari inaendelea kupungua. Kikohozi kinaweza kubaki nyuma wiki kadhaa. Ila kwa mtoto mchanga tusijifanye wajuzi: mikono kwa sabuni, mdomo na pua vifunikwe, iwe nje penye hewa, na isiwe muda mrefu. Nilisubiri uniombe.

— Na mimi nilisubiri siku saba.

Binti alitazama ndani ya kibanda, akaona saa zinaning'inia, akaiona karatasi iliyofutwafutwa katikati yao. Aliisoma. Kisha akainyofoa kwenye msumari, akaitia kwenye mkoba wake.

— Si ulinifundisha mwenyewe? Mwenye saa akitaka kuichukua kabla, ni shauri yake. Basi mwenyewe huyu hapa amekuja.

Kukawa na pilikapilika. Mama Buli alisukuma ndoo ya maji na sabuni mpaka ukingoni mwa chaki, kwa mguu, akarudi nafasi yake. Kipimo alichukua kitambaa kipya cheupe kabisa, akakikata kwa mkasi bila kukipima, jambo ambalo mkewe nyumbani angeambiwa asingeamini, akakirusha. Fundi Saa alinawa kama daktari anayeingia kupasua mtu. Akajifunika pua na mdomo, akafunga fundo kisogoni. Hapo koo likamwasha.

Alitembea hatua kumi kwenda ng'ambo, akageuzia ukuta uso, akakohoa mpaka kikaisha. Akanawa tena. Halafu akavuta pumzi kama alivyovuta maisha yake yote kabla ya kufungua saa ndogo ya kike, polepole, mpaka mbavu zikasimama. Akaishika. Akanyoosha mikono.

Redio ndiye aliyeelewa kwanza.

— Kashika pumzi! Hesabuni! Moja!

— Mbili, alisema Kipimo.

— Tatu, alisema Mama Buli, na kutoka hapo walihesabu pamoja, kwa sauti moja, watu ambao siku kumi na mbili hawakukubaliana namba yoyote.

Mtoto alikuja mikononi mwake akiwa amemgeuzia mgongo. Alikuwa mzito kuliko alivyofikiri, na wa moto, na hakutulia. Saba, nane. Alimshika kama anavyoshika saa iliyofunguliwa mfuniko, kwa vidole vyote. Kumi na tano. Nyuma ya goti akaiona ile alama, ndogo, ya rangi ya kahawa. Ishirini na mbili. Mtoto alijipinda akamtazama, akaona kitambaa cheupe chenye macho mawili juu yake, akacheka. Kilikuwa kilekile kicheko cha ukutani, ila sasa alikisikia tumboni mwake mtoto, kikipiga kwenye viganja. Thelathini na moja. Alitaka kucheka naye na asingeweza kucheka bila kupumua. Kwa hiyo akalia, kwa kuwa machozi hayahitaji pumzi, yakamtiririka yakalowesha kitambaa cha Kipimo. Arobaini. Mkewe akaweka begi chini. Hamsini, na bwana wake wa zamani angeridhika hapo, lakini Fundi Saa hakurudisha mtoto. Alimrudisha alipoanza kuona nyota, akatembea haraka mpaka ng'ambo ya kibanda, akashika ukuta, na hapo tu akapumua.

Basi liliondoka saa nane na robo, maana mabasi nayo hayashiki majira. Jioni kahawa ilikuwa imeisha na Mama Buli alikuwa anasuuza vikombe, vyote vinne sasa vina uzi mwekundu, kila mmoja na chake. Fundi Saa aliketi kwenye ubao wa bluu, peke yake, benchi zima lake. Wenzake watatu walikuwa wametawanyika juu ya makreti, hatua tatu tatu, wanabishana kwa kupaza sauti.

— Hamsini na sita! alisema Kipimo. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu sawasawa.

— Sabini! alisema Redio. Nyinyi mliruka.

— Hamkufika sitini, mlikuwa mnalia, alisema Mama Buli. Muulizeni mwenyewe. Fundi! Ulimshika muda gani?

Fundi Saa aligeuka akatazama kibandani. Ukutani zilikuwepo saa arobaini na moja, pamoja na ile ya shule, zote zinatembea, na yeye mchana ule hakuwa ameangalia hata moja.